Siku Nilipokosea Neno Sherehe

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na bado naamka saa kumi na moja alfajiri kana kwamba kuna faili linanisubiri mezani. Hapa nyumbani Endamarariek hakuna faili. Kuna mbaazi za kuvuna, kuna kuku wasiojua ratiba ya mtu yeyote, na kuna mume wangu, ambaye ameshaniambia mara mbili nisimwite "shahidi" anapoanza kunieleza mambo ya shamba.

Aliyeniomba niandike ni Neema, karani kijana wa Karatu, binti aliyekulia upande wa Malambo na ambaye sasa ndiye mkalimani wa Kimasai pale nilipokuwa mimi. Alinipigia simu akasema, "Mama Felista, tuandikie. Sisi tunaingia mahakamani na kompyuta na hofu, basi." Nikamwambia hofu ni kitendea kazi kizuri, asiipoteze. Lakini nimekaa, nimeandika.

Sitasimulia nilipanda cheo lini wala niliondoka na mshahara gani. Mambo hayo yana barua zake, na barua zenyewe zina muhuri. Nitasimulia nilivyoanza, aliyenifundisha, na kosa moja nililolifanya kwa neno moja, neno ambalo ninyi mnalitamka kila Jumamosi bila kulifikiria.

Baba yangu alikuwa Mwiraqw, mkulima wa mahindi na ngano kidogo. Mama yangu ni Mmasai wa upande wa Malambo, aliyekuja Endamarariek kwa ndoa ambayo pande zote mbili zililalamikia, kila upande kwa lugha yake. Kwa hiyo nilikua na Kiiraqw cha baba, Kimasai cha mama, na Kiswahili cha mwalimu. Sikuona kuwa ni utajiri. Nilidhani kila mtoto anagombezwa kwa lugha tatu.

Nilipoajiriwa ukarani nilipangiwa mahakama moja ya mwanzo huko Ngorongoro, ambayo sitaitaja jina. Nilifika nimepanda lori la mahindi lililopita ukingo wa kreta kwenye ukungu, nimekumbatia begi na godoro, meno yakigongana kwa baridi. Nilitarajia kukaa nyuma ya taipureta. Asubuhi ya kwanza mkalimani alikuwa mgonjwa, na hakimu akauliza kwa sauti, "Nani hapa anajua Kimasai?" Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikaapishwa hapo hapo.

Kesi ilikuwa ya mbuzi. Mshtakiwa alisema maneno yake, nami nikamgeukia hakimu: "Anasema kwamba alichukua mbuzi watatu."

"Nani anasema?" hakimu akauliza.

"Yeye."

"Mahakama inamsikiliza yeye, si wewe unayemsimulia. Sema alivyosema."

Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti kubwa, "Mimi nilichukua mbuzi watatu kwa sababu walikula mahindi yangu." Askari wa mlangoni akanitazama. Watu wakacheka. Ndivyo ilivyokuwa: siku yangu ya kwanza kazini nilikiri wizi wa mifugo.

Aliyenichukua baada ya aibu ile ni karani mkuu, Mzee Iddi. Alikuwa Mrangi wa Kondoa. Baba yake alikuja Karatu kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, na yeye utotoni alirudishwa Kondoa kwa babu yake asome chuo, yaani Kurani, kabla ya shule ya serikali. Alikuwa mwembamba, kofia haimtoki kichwani, na alikuwa akinoa penseli kwa wembe wa kunyolea. Hakuwa na cheti cha ukalimani. Siku zile hakuna aliyekuwa nacho. Alikuwa na kanuni tatu, akazisema mara moja tu, kwa sababu hakupenda kurudia.

"Binti, moja: shahidi akisema 'mimi', wewe sema 'mimi'. Pili: usikate kitu. Akikohoa usitafsiri kikohozi, lakini akisema neno, hata kama amelirudia mara saba, nawe lirudie mara saba. Tatu: usichojua, uliza. Mkalimani hana 'nadhani'."

Nilizikariri. Kukariri nako ni rahisi.

Nilikuwa na miezi minane kazini, bado kwenye kipindi cha majaribio, lilipokuja shauri la Noonkishu.

Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mjane wa miezi michache, mwenye mabinti wawili waliokaa nyuma yake bila kutikisika. Mumewe alifariki bila wosia. Noonkishu alikuja kuomba ateuliwe kusimamia mirathi, yaani boma, ng'ombe, na eneo walilokuwa wakiishi. Aliyempinga ni mdogo wa marehemu, Sironga. Nyumbani wale watu waligawana chumvi. Mahakamani walikaa kila mmoja benchi lake.

Sironga alijua Kiswahili vizuri; alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Karatu. Alisimama akasema wazi: "Mheshimiwa, huyu mama simchukii. Lakini si mke. Kaka yangu alimleta mwaka wa ukame akakaa. Hakukuwa na sherehe. Mwanamke hawi mke bila sherehe, hata ninyi Wakristo na Waislamu mnajua hivyo."

Washauri wawili wa mahakama, wazee wanaokaa na hakimu kumpa maoni yao, wakatikisa vichwa taratibu. Maneno yalikuwa na uzito. Noonkishu hakuyaelewa. Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "bei gani".

Zamu yake ilipofika akaapa, nami nikasimama kando yake. Alieleza jina lake, kwao, watoto wake. Kisha hakimu, mtu wa Njombe, makini, asiyeinua sauti, akaliendea lile jambo moja kwa moja.

"Muulize: siku walipooana, palikuwa na sherehe?"

Hapa ndipo nataka mtulie. Sikusita hata kidogo. Nilimgeukia nikasema kwa Kimasai, je, siku ile palikuwa na *osinkolio*? Neno hilo ni nyimbo: morani wamesimama, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia kwa koo, wanaruka, vumbi linapanda. Utotoni, tulipokwenda kwa wajomba Malambo na mtu akasema kwa Kiswahili kuna sherehe, mama alitutafsiria hivyo. Kwangu sherehe ilikuwa miguu ya wajomba zangu hewani.

Noonkishu akajibu, "Hapana."

"Hapana," nikasema.

"Hata ndogo?" hakimu akauliza.

Nikauliza. Akasema, "Hata ndogo. Hakuna aliyeimba."

Nami nikamwambia hakimu, "Hata ndogo."

Yale maneno mengine, "hakuna aliyeimba", niliyaacha. Niliona ni kurudia. Niliona namsaidia hakimu, kalamu yake ilikuwa nyuma. Kama ningeyasema, mtu makini kama yule angenusa mara moja kwamba swali lake limefika limebadilika sura. Niliyakata.

"Kwa hiyo unakubali kuwa hakuna sherehe yoyote iliyofanyika?"

"Nakubali," akasema, akishangaa kidogo, kama mtu anayeulizwa mara ya tatu kama mvua ilinyesha.

"Nakubali," nikasema.

Hakimu akaandika. Sironga akatazama sakafu. Nilidhani ni unyenyekevu. Tukaahirisha kwa chakula. Mchana washauri watoe maoni yao, na hukumu isomwe.

Nje palikuwa na mama lishe mmoja aliyepika chai kwenye sufuria jeusi. Noonkishu na mabinti zake walikuwa wamekaa kwenye nyasi karibu naye. Mkalimani hatakiwi kupiga soga na shahidi, najua, na ninyi mjue. Lakini kumpita mama wa umri ule bila salamu kungekuwa kumvunjia heshima, na mama yangu angelisikia lile jambo mpaka Endamarariek.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia.

"Iko," akaitikia. Kisha akanitazama kwa upole, kama anayenihurumia kwa mahali ninapofanya kazi. "Mtoto wangu, huyu mkubwa wenu anapenda nyimbo sana. Ameniuliza nyimbo mara tatu. Lini ataniuliza kama niliolewa?"

Kama ningefungua mdomo ningeanza kumhoji, na hiyo haikuwa kazi yangu. Niliweka kikombe chini, chai haijaguswa, nikarudi ndani kumtafuta Mzee Iddi.

Alikuwa ofisini anakula kiazi kitamu kilichochemshwa. Nikamweleza yote nimesimama.

"Kwa Kimasai ulisema nini hasa?"

"Nyimbo. Za kuruka."

Akakiweka kiazi kwenye karatasi. "Kaa." Nikakaa. "Shuleni mlisoma vitabu vya mashairi?"

"Tulisoma."

"Nyuma kabisa ya kitabu palikuwa na nini?"

"Orodha ya maneno magumu na maana zake."

"Juu ya ile orodha paliandikwa nini?"

Ikabidi nifikiri. Kisha nikauona ule ukurasa, maandishi meusi ya herufi kubwa. Sherehe. Darasani tulikuwa tukicheka. Tulidhani mshairi akimaliza kuandika anachinja mbuzi.

"Hachinji," Mzee Iddi akasema. "Anaeleza. Neno lenyewe ni la Kiarabu. Chuoni Kondoa mwalimu akisema leteni sherehe, alitaka maelezo: kitu kilichofungwa ukifungue, kila mtu akione. Na kifua cha mtu kikifunguliwa, si anapata raha? Namna neno lilivyotoka kwenye maelezo likafika kwenye pilau, sijui hatua zake zote, na usiende kumhubiria hakimu. Lakini fikiri. Watu wawili wanapatana kimya. Hiyo ni siri yao. Siku wanapoileta mbele ya wazee na majirani, ikatamkwa, ikaonekana, hapo imeelezwa. Ngoma na chakula ni mapambo. Hakimu alitaka kujua kama ndoa ya huyu mama ilifunguliwa mbele ya watu. Wewe umemuuliza kama watu waliruka."

"Nifanye nini, Mzee?"

"Unajua."

"Niko kwenye majaribio. Nitafukuzwa."

Akachukua kiazi chake tena. "Na yeye yuko kwenye nini?"

Mahakama iliporudi, kabla hakimu hajawaita washauri, nilisimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Asubuhi nimekosea kutafsiri. Neno sherehe nimelitafsiri kama nyimbo na kuruka. Shahidi alijibu kuhusu nyimbo. Pia alisema 'hakuna aliyeimba', na maneno hayo niliyaacha. Kosa ni langu, si lake."

Kalamu ya hakimu ilibaki hewani. Sironga akasimama. "Mheshimiwa, napinga! Mama wa huyu karani ni wa kwetu kule. Wameongea nje wakati wa chai, nimewaona!"

Ukweli ni kwamba alikuwa na haki ya kusema. Nilikuwa nimeongea na shahidi, na mama yangu ni wa kule. Hakimu akaniuliza tulizungumza nini, nami nikamweleza neno kwa neno, ile salamu na lile swali la nyimbo. Mshauri mmoja akajikuna kidevu, akasema chini chini, lakini wote tulisikia, "Mimi nilioa mwaka wa njaa. Hatukuruka."

Hakimu akaamua mambo mawili. Kwanza, shahidi arudi aulizwe upya. Pili, mimi nikae chini. Atafutwe mkalimani mwingine. Akaitwa bwana mifugo, Mwarusha aliyekulia na Kimasai, kutoka kwenye josho. Alikuja na mabuti, ananuka dawa ya kupe, akaapishwa, akasimama mahali pangu. Nilikaa benchi la nyuma na watu waliokuja kusikiliza. Sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu kama kile.

Hakimu naye alikuwa amejifunza. Hakulitumia tena lile neno. Akasema, "Muulize: siku aliyoingia nyumbani kwa marehemu, kilifanyika nini, na nani walikuwepo?"

Noonkishu akanyoosha shuka begani, akaanza. Alieleza jinsi baba yake alivyombariki kwa maziwa na majani mabichi. Jinsi alivyotembea kutoka kwao akiwa ameambiwa asigeuke nyuma, naye hakugeuka, ingawa alimsikia mama yake. Jinsi alivyosimama kwenye lango la boma la mumewe akakataa kuingia mpaka aahidiwe mtamba, kama ilivyo desturi, na mtamba alikuwa wa rangi gani. Aliwataja wazee waliokaa, na watatu kati yao walikuwa hai. Hakuna morani aliyeimba, akasema, kwa sababu baba wa mume alikuwa amefariki mwezi ule ule, na ukiimba juu ya kifo unaalika kingine.

"Na huyu hapa," akasema, akimwonyesha Sironga kwa kidevu, "ndiye aliyebeba kibuyu cha maziwa langoni. Alikuwa kijana bado. Alikuwa anatetemeka."

Bwana mifugo akatafsiri yote, polepole, bila kukata kitu. Nilimwonea wivu.

Hakimu akamgeukia Sironga. "Una swali kwa shahidi?"

Katika mahakama ya mwanzo wenye shauri huulizana wenyewe, na hapo ndipo kesi nyingi hugeuka kuwa matusi. Sironga alisimama. Aliyekuwa akiongea Kiswahili tangu asubuhi sasa aliongea Kimasai, na hakumtazama hakimu.

"Ulijuaje kwamba natetemeka? Ulikuwa umeinamisha kichwa."

"Nilikuwa naona miguu yangu," Noonkishu akajibu. "Ililowa maziwa yote."

Waliojua Kimasai wakacheka, na binti yake mdogo akafunika mdomo. Bwana mifugo naye alikuwa akicheka, akasahau kazi, mpaka hakimu akagonga meza kwa kidole: "Mkalimani." Akatafsiri. Ndipo na wengine wakacheka, kwa kuchelewa.

Sironga hakucheka. Alipangusa uso kwa ncha ya lubega, akarudi kwenye Kiswahili. "Mheshimiwa, sina swali lingine. Baba alikuwa amekufa. Ndiyo maana hatukuimba."

Akakaa.

Hakimu akamuuliza, si kwa ukali, kwa nini basi alileta pingamizi. Akasema ukame umemaliza mifugo yake. Akasema mabinti wataolewa, ng'ombe watakwenda na wakwe, na yeye atabaki ndani ya boma la baba yake kama mgeni. Alisema maneno yale akiwa amejikunja, mtu mzima mwenye mvi, na sikuweza kumchukia. Aliogopa kitu kile kile alichokuwa akiogopa Noonkishu.

Hukumu ilisomwa jioni ile. Noonkishu alitambuliwa kuwa mke wa ndoa ya kimila, akateuliwa kusimamia mirathi. Hakimu akaandika pia, kwa makubaliano ya pande zote, kwamba Sironga ataendelea kukaa na kuchunga pale, na kwamba hakuna atakayemhamisha mwenzake. Walitoka pamoja. Hawakushikana mikono wala kukumbatiana. Watu wa kule hawafanyi maonyesho hayo. Ila nilimwona Sironga akimchukulia mzigo.

Kesho yake niliitwa kwa hakimu. Alikuwa ameshaandika barua.

"Karani Felista, hii ni barua ya onyo, kwa kosa la asubuhi. Itakaa kwenye faili lako. Na kwa miezi sita hutatafsiri. Utapanga majalada stoo." Akanisogezea nisaini. Nilipomaliza akasema, bila kuinua macho, "La mchana sina fomu yake."

Ile miezi sita ndiyo chuo changu. Stoo ilikuwa na panya na majalada ya miaka mingi, nami nilisoma. Niliona kesi ambazo mkalimani alitoa neno moja zito, "mila" au "ugomvi" au "ndoa", na nyuma ya neno hilo mtu mzima mwenye maisha yake akapotea. Nilianza daftari langu. Kila neno la Kiswahili linalobeba mizigo mingi nililiandikia: ukilisikia, uliza kwanza.

Neno sherehe lilichukua kurasa nyingi, hasa nilipohamishiwa Karatu na kumaliza huko miaka yangu iliyobaki. Mji ule unasherehekea kwa lugha zote. Kwenye loji wanasema "ivent". Vijana wanasema bata na mnuso. Kina mama wana sendofu na kichenpati. Kanisani kuna sikukuu, na watoto wakipata kipaimara majirani wote wanajua kwa harufu. Wapo wanaoiita shughuli, na shughuli asili yake ni kazi, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuosha masufuria ya harusi hahitaji kuelezwa. Kijana mmoja alipoulizwa mahakamani alikuwa wapi siku ya tukio, akajibu, "Nilikuwa kwenye shughuli." Hakimu mgeni akaandika kwamba alikuwa kazini. Nikasimama: "Mheshimiwa, naomba aulizwe shughuli gani." Ikawa ubatizo, na mashahidi wa ubatizo ule walimwokoa yule kijana na kifungo.

Mahakimu wengine walinichoka. Mmoja alinibandika jina, Mama Gani, kwa sababu ya kuuliza "gani, gani". Nililipokea. Kuna majina mabaya zaidi ya hilo.

Mzee Iddi alistaafu akarudi Kondoa. Tulikuwa tukipigiana simu sikukuu za Idi, naye kila mara aliniuliza kama bado ninakata maneno. Nilipopata habari ya kifo chake nilipanda basi nikachelewa maziko kwa siku moja. Mjane wake alinikaribisha, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema alinifundisha kazi. Akasema, "Basi ni mtoto wake," akanionyesha mahali pa kukaa, kati ya mabinti wa nyumba.

Kwa ninyi mnaoendelea, nina ushauri mmoja tu, na ni wa jikoni kabisa. Mnapokosea, na mtakosea, semeni kabla wino haujakauka. Siku hizi mnaandika kwenye mfumo na wino haukauki, lakini hukumu inakauka vile vile.

Naye Neema aliniambia nisimalize bila kueleza sherehe ya kuniaga, kwa sababu yeye alikuwepo na anataka iandikwe. Ilifanyika ukumbini Karatu, mchana, na keki iliyoandikwa jina langu kwa kukosea herufi moja. Nilimleta mama yangu. Ana miaka mingi sasa, macho yamefifia, na Kiswahili chake hakijavuka sokoni. Walimkalisha mbele. Hotuba zilikuwa za kiofisi: utumishi uliotukuka, uadilifu, mchango usiopimika. Nikamwona Neema, bila kuambiwa na mtu, akivuta kiti chake karibu na cha mama, akimwinamia sikioni.

Mgeni rasmi akisema, "Mimi nilimfahamu Felista," Neema naye kwa Kimasai, "Mimi nilimfahamu Felista." Mama akageuka akamtazama, akacheka, kisha akaelewa namna inavyokwenda, akatulia. Alisikiliza kila hotuba mpaka mwisho. Watu walipopiga makofi alipiga wakati ule ule na wengine, si baada yao.

Nilipokwenda kukaa naye aliushika mkono wangu.

"Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa ukifanya miaka yote?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani unaandika barua za serikali." Alikuwa bado ameelekeza uso upande wa Neema. "Kumbe unakaa na mtu ili asiwe peke yake."

Nikamkatia keki, kipande chenye ile herufi iliyokosewa.